Umma Party: chama kidogo cha Makomred, kilivyozaliwa na kilivyomezwa

Kila nikiandika kitu kuhusu siasa za Zanzibar za kabla ya 1964 swali linalokuja haraka ni la Abdulrahman Babu, kiongozi wa Umma Party, na Makomred wake, yaani wafuasi wake wa mrengo wa kushoto, eti hawa watu walikuwa wangapi hasa na walifanya nini mpaka Waingereza na Wamarekani wakakosa usingizi kwa ajili yao. Kazi yangu mimi ndo hii, historia ya vyama vya siasa visiwani, nimekaa na magazeti na makaratasi ya miaka hiyo muda mrefu, basi leo naliandika hili lote pahala pamoja nisiwe najibu vipande vipande.

Jibu la haraka ni kwamba Umma Party iliishi kama miezi minane tu, katikati ya 1963 hadi Machi 1964. Haikusimamisha mgombea hata mmoja, haikuwa na kiti barazani hata kimoja, na siku inajivunja watu wake walikuwa ndani ya serikali ya mapinduzi. Sasa kuelewa hilo limewezekanaje inabidi urudi nyuma kidogo uangalie hesabu za viti, maana Zanzibar ya wakati ule chama kidogo kilikuwa na njia mbili za kuwa na nguvu, na Umma ilichagua ile ngumu.

Njia ya kwanza ni ya ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) ya Mohamed Shamte. Uchaguzi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22, ASP (Afro-Shirazi Party) ikapata 10, Hizbu (yaani ZNP, Zanzibar Nationalist Party) 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura 1, soma tena, kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda na Hizbu mmoja akaenda na ASP, ikawa 11 kwa 11 na hakuna serikali. Kikaongezwa kiti kimoja, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, ASP 10 Hizbu 10 ZPPP 3, na safari hii wote watatu wakakaa na Hizbu. Zikazuka fujo kubwa watu 68 wakafa. Shamte na viti vyake vitatu akawa Waziri Kiongozi. Julai 1963 tena, viti 31, ASP ikapata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu, Hizbu 12, ZPPP 6, na Shamte huyo huyo ndo akawa Waziri Mkuu wa uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Kwa hiyo unaona, chama cha tatu kwa ukubwa kinatoa Waziri Mkuu kwa sababu bila yeye mkubwa hafiki. Muungano wa viti ndo huo, una mkataba wake, kila mtu anajua anampa nini mwenzake na akimkasirikia anajua atamnyima nini.

Njia ya pili ni ya Abdulrahman Babu.

Babu alikuwa amekaa London miaka ya hamsini, akarudi 1957 kuwa Katibu Mkuu wa Hizbu, na alirudi wakati mbaya kwa chama, maana uchaguzi wa Julai 1957 Hizbu haikupata kiti hata kimoja na ASP ilichukua 5 kati ya 6. Kuanzia hapo akaanza kukijenga kile chama upya. Matawi, kadi, madarasa ya usiku, umoja wa vijana ulioitwa YOU (Youth's Own Union), vyama vya wafanyakazi vilivyokusanywa chini ya shirikisho la FPTU (Federation of Progressive Trade Unions), gazeti la ZaNews, vijana kupelekwa kusoma Misri, China, nchi za Ulaya Mashariki. Hizbu ilifika hadi kuwa na ofisi Havana na vijana wakapata mafunzo ya kijeshi Cuba. Ukilinganisha 1957 na 1961 unaona kabisa kwamba hicho si chama kile kile, kutoka sifuri hadi viti 10. Mimi naamini bila shaka yoyote kwamba hii mashine ndo ilikuwa kazi kubwa ya maisha ya Babu, kubwa kuliko wizara yoyote aliyopewa baadae, na watu wengi wanairuka wanakimbilia Januari 1964.

Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa ya mrengo wa kushoto na wenye chama hawakuwa hivyo. Juu kule alikuwepo Ali Muhsin Barwani na wenzake, watu wa dini na uzalendo, wapinga ukoloni kweli, lakini mambo ya tabaka la wafanyakazi na Mao Zedong hayakuwa yao, na nyuma yao wapo wenye mashamba ya karafuu. Kwa miaka kadhaa pande zote mbili zilivumiliana kwa sababu zinahitajiana. Halafu 1962 Waingereza wakamfunga Babu kwa kosa la uchochezi, akatoka 1963 baada ya mwaka na zaidi, na wafuasi wake wengi waliamini viongozi wa Hizbu hawakuhuzunika sana yeye kuwa ndani. Alipotoka uchaguzi wa Julai unagonga mlango, wakagombana kuhusu wagombea. Upande wa Babu walitaka chama kisimamishe watu bila kuangalia asili, hasa kwenye majimbo ya watu wa ASP, ili Hizbu iache kuonekana chama cha Waarabu. Wakakataliwa. Akajiuzulu na kundi lake likatoka naye.

Hapa napenda tusimame kidogo tuangalie nani alitoka, maana ndo siri ya chama chenyewe. Alikuwemo Ali Sultan Issa, aliyezunguka nusu ya dunia ya kikomunisti. Walikuwemo Ahmed Badawi Qullatein na Khamis Abdulla Ameir, watu wa vyama vya wafanyakazi. Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 21 tu lakini tayari ameshakuwa kwenye ile ofisi ya Havana na amerudi kuwa katibu mkuu wa umoja wa waandishi wa habari. Ali Mahfoudh, mwenye mafunzo ya kijeshi ya Cuba. Ukiwapanga hivyo unaona mara moja kwamba si viongozi wa majimbo hawa, hakuna hata mmoja unayeweza kusema huyu ana Makunduchi yake au huyu ana Wete yake. Mmoja ana wafanyakazi wa bandarini, mwingine ana waandishi, mwingine ana vijana, mwingine anajua bunduki. Hizbu ilibaki na wapiga kura wake karibu wote, matokeo ya Julai yanaonesha, ila ilipoteza watu waliokuwa wanajua kukiendesha chama.

Na jambo la pili, Umma ilikuwa na Waarabu, Waswahili, Wangazija, Washirazi, watu wa asili ya bara, wote wanaitana komred. Zanzibar ya 1963 hilo lilikuwa jambo zito, wakati ule watu walikuwa wanagomeana mpaka maduka na mabasi kwa ajili ya chama, mazishi watu hawaendeani. Vijana wa mjini waliokuwa wamechoka na siasa za "wewe kabila gani" walikimbilia pale, na mimi nikizungumza na wazee waliokuwa vijana wakati huo hicho ndo kitu cha kwanza wanachokitaja, kabla ya Marx na kabla ya Cuba.

Sasa miungano. Umma haikuwa na viti vya kuuza kama ZPPP kwa hiyo iliungana kwa watu na kwa kazi. FPTU iliyokuwa ya Hizbu ikaegemea kwao, na ikaanza kusogeleana na shirikisho la wafanyakazi lililokuwa upande wa ASP, watu ambao miaka miwili nyuma walikuwa wanavunjiana migomo. Waandishi hivyo hivyo. Na ndani ya ASP penyewe kulikuwa na mrengo wa kushoto, Abdulla Kassim Hanga aliyesoma Moscow, Abdulaziz Twala, na hao walikuwa wanazungumza lugha moja na Babu zaidi kuliko walivyozungumza na baadhi ya wazee wa chama chao. ASP ilikuwa na umati mkubwa, ilikuwa na hasira ya kunyimwa serikali mara mbili wakati kura inazo, ila ilikuwa na uhaba wa watu wa kukaa mezani waandike taarifa, waongee na balozi, wapange ofisi. Umma ilikuwa na hao na haikuwa na umati. Ndo maana ukaribu ule ulikwenda haraka hivyo.

Serikali ya Shamte iliuona vizuri huo ukaribu. Mwanzoni mwa Januari 1964, uhuru hauna hata mwezi, Umma ikapigwa marufuku, ofisi zake zikapekuliwa na polisi, na Babu akavuka kwa chombo usiku kwenda Dar es Salaam kabla hajakamatwa. Siku chache baadae, usiku wa kuamkia tarehe 12, zikavamiwa kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, mapinduzi yakaanza.

Hapa ndo watu hugombana. Je, Umma walipanga mapinduzi? Mimi msimamo wangu ni hapana, na nausema wazi. Kuvamia Ziwani na Mtoni ilikuwa kazi ya vijana wa ASP Youth League pamoja na John Okello, mtu aliyetoka Uganda, na watu wake, na Babu mwenyewe alikuwa Dar. Lakini asubuhi Makomred walipoona jambo limeshaanza waliingia nalo mara moja, na walijua pa kwenda, kwenye mitambo ya simu, kwenye redio, kwenye ofisi za serikali, na wenye mafunzo wakasaidia kuleta mpangilio kwa watu waliokuwa na mapanga na bunduki walizoziokota saa chache nyuma. Babu akarudi pamoja na Abeid Karume, kiongozi wa ASP, na Hanga siku moja mbili baadae, akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Wengine wachache wa Umma wakaingia Baraza la Mapinduzi lenye watu kama 30. Mtu anayesema mapinduzi ni ya Babu anawaibia ASP, na mtu anayesema Umma hawakufanya kitu hajaangalia nani aliendesha ofisi wiki zile za mwanzo.

Halafu Machi 1964 Umma ikajivunja na kuingia ASP. Na hapa ndo ninapoumia kila nikisoma, kusema kweli. Kilijivunja chote, hakikubakisha jina, tawi, wala gazeti. Nafasi walizozipata zilikuwa za mtu mmoja mmoja, amepewa Babu, amepewa fulani, chama hakikupewa chochote maana chama hakipo tena. Shamte akikasirika na Hizbu alikuwa na viti 6 vya kuondoka navyo. Makomred wakikasirika na Karume wangeondoka na nini? Kile walichokuja nacho, ujuzi wa kuendesha mambo, kilikuwa adimu kabla ya mapinduzi tu. Baada ya hapo serikali ina wataalamu wa Kichina, wa Ujerumani Mashariki, wa Urusi, na ina dola. Hawahitajiki tena kama mwanzo.

Na angalia walivyotawanywa, bila kelele kabisa. Hati za Muungano zilisainiwa na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili Babu akiwa safarini Asia, na Muungano ulipokamilika akapelekwa bara kuwa waziri kule. Salim akapewa ubalozi Cairo, umri miaka 22, ni heshima kubwa kweli lakini ni mbali na Unguja. Ali Mahfoudh akaenda jeshini bara. Ali Sultan Issa wizara aliipata baadae, huko huko Zanzibar. Ndani ya miezi michache watu waliokuwa wanakutana kila jioni Mji Mkongwe wako kwenye miji mitatu minne tofauti, kila mmoja na bosi wake. Vyama vya wafanyakazi navyo, ambavyo vingeweza kuwa ndo mzizi wao, vikawekwa chini ya chama tawala, kwa hiyo hata Badawi na Khamis Ameir hawakuwa tena na watu wao wa kuwaita.

Marafiki wao ndani ya ASP hawakuwaokoa pia, maana wenyewe hawakuokoka. Hanga aliuawa 1969, Twala naye aliuawa miaka hiyo ya Karume. Tarehe 7 Aprili 1972 Karume akapigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya ASP, na waliokuwa Umma wakasombwa karibu wote, waliokuwa Unguja na waliokuwa bara. Babu alikuwa ameshaondolewa uwaziri miezi michache kabla, akawekwa ndani bara, na mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Nyerere hakumpeleka Zanzibar. Alitoka 1978.

Kuna watu wanauliza kama Maalim Seif, aliyekuwa kiongozi wa CUF mwenye umati mkubwa visiwani, kuhamia chama cha ACT-Wazalendo Machi 2019 ni kitu kile kile, chama kidogo cha kushoto kuungana na umati wa visiwani. Mimi naona ni kinyume chake kabisa. Pale umati ndo ulikuja kwa chama kidogo, ukashusha bendera zake ukapandisha za kwao, na jina lililobaki kwenye msajili ni la kile kidogo. Umma walifanya upande wa pili, wenye jina ndo waliofuata umati.

Wangeweza kufanya tofauti? Nimelifikiria sana hili. Kukataa kujivunja Machi 1964 kungewaweka nje ya serikali ambayo haikuwa na mpango wa kuvumilia chama cha pili, hilo lazima tukubali. Lakini kati ya kukataa na kujitoa mzima mzima kulikuwa na nafasi ya kudai vitu, FPTU ibaki na uongozi wake, gazeti libaki, watu wao wakae kwenye Baraza kama kundi linalojulikana. Februari 1964 bado walikuwa wanahitajika mno na Karume alikuwa anawasikiliza, alikuwa hana mwingine wa kumtuma kuongea na dunia. Zile ndo wiki za kudai na mimi katika makaratasi yote niliyopitia sijaona mahali walipodai.