Nguva akinasa kwenye jarife, dakika ni chache

Kila ninapokwenda kuzungumza na wavuvi huanza kwa picha. Naitoa simu, namwonyesha mtu mnyama, namuuliza: huyu nani? Safari moja kule Kigombe, Tanga, kijana mmoja alijibu upesi, "Pomboo huyo, bwana samaki." Mzee aliyekuwa akishona jarife, nyavu ya papa, pembeni hakuinua hata kichwa. "Pomboo gani hana pezi mgongoni? Huyo nguva. Nyie mmezaliwa ameshakwisha."

Mzee alikosea kidogo tu. Nguva hajaisha, ila amebaki wa kuhesabika. Kwa upande wa Tanzania, sehemu inayotegemewa zaidi kuwa bado na nguva ni ile ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Kundi kubwa lililobaki katika pwani yote ya Afrika Mashariki liko Msumbiji, kwenye visiwa vya Bazaruto. Desemba 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, likisema waliofikia umri wa kuzaa hawafiki 250. Hao ni wa nchi zote za ukanda huu, si wa Tanzania peke yake.

Kwa kuwa vijana wengi hawajamwona, nimweleze. Ni mnyama anayenyonyesha, anafika mita tatu hivi kwa urefu na uzito wa kilo 400 au zaidi. Ngozi ni ya kijivu, mdomo mnene umeinamia chini kama brashi, na mkia umegawanyika pande mbili kama wa pomboo. Akija juu kuvuta pumzi hatoi mgongo kwa mbwembwe. Utaona tundu mbili za pua, pumzi, basi, kazama. Chakula chake ni nyasi za baharini, hizi zinazoota kwenye mchanga wa maji mafupi, na kwa siku anaweza kula kilo 40. Nyasi hizi si mwani wa kulima. Nyasi zina mizizi, zina maua, ni mmea kamili uliohamia chumvini.

Watu wakisikia nguva hukumbuka hadithi za nusu mtu nusu samaki, na wazee wana simulizi zao za mvuvi aliyeapishwa kabla ya kugawa nyama. Sizidharau hadithi hizo. Lakini zimemfanya nguva aonekane kama jini, na jini hahitaji ulinzi wa mtu.

Ana ndugu zake wa mbali huko Florida, Marekani, na wengine katika mito ya Afrika Magharibi. Wenzetu huwaita manati. (Watoto wa Tanga wakisikia manati wanafikiria ile ya kupigia ndege, kwa hiyo nitasema nguva wa Florida.) Hao mkia wao ni wa mviringo kama kafi, na wanaingia hadi kwenye maji baridi ya mito. Nawataja kwa sababu yaliyowapata ni ramani ya tunakoelekea.

Adui wao mkubwa aliyetokana na mtu ni boti. Florida watu wanamiliki boti za mashine kama sisi tunavyomiliki bodaboda, na nguva hula na kulala kwenye maji mafupi kule kule boti zinakopita. Wengi wana makovu mgongoni yaliyokatwa na rafadha, na kwa miaka mingi watafiti wamewatambua mmoja mmoja kwa makovu hayo, kama unavyomjua ng'ombe wako kwa alama ya moto. Lakini rafadha ni nusu ya habari. Wengine hufa bila hata mchubuko, kwa sababu kilichowapiga ni tumbo la boti lenyewe likiwa kasi: mbavu zinavunjika, mapafu yanatoboka. Ndiyo maana kuifungia rafadha kizuizi hakutoshi. Dawa iliyosaidia ni kupunguza mwendo, na tangu 1978 jimbo hilo lina sheria ya kuwalinda nguva iliyowezesha kuwekwa kwa maeneo ambayo boti lazima ziende polepole. Ukienda taratibu, mnyama anapata nafasi ya kukusikia na kuondoka, na hata ukimgusa hufanyi mauaji.

Kisha ukaja mwaka 2021. Nguva zaidi ya 1,100 walikufa Florida katika mwaka huo mmoja, na wengi wao hawakuguswa na boti wala nyavu. Walikufa njaa. Maji machafu na mbolea viliingia kwa miaka kwenye hori moja ya pwani ya mashariki, maji yakawa kijani, mwanga haukufika chini, nyasi zikafa. Ilifika mahali serikali ikawatupia saladi majini ili wavuke kipupwe. Nchi tajiri, sheria zipo, boti za doria zipo, na bado wanyama walikonda kwa sababu jikoni kwao hakukuwa na kitu.

Sasa turudi nyumbani. Hapa muuaji wa kwanza ni jarife.

Jarife lina matundu makubwa, limetengenezwa kwa papa na taa. Linawekwa chini, chubwi zikilibana na mchanga, linalala usiku kucha na mwenyewe yuko dago, kambi ya wavuvi, au kwake. Nguva hula chini, mara nyingi usiku, akijisukuma mbele mdomo ukiwa mchangani. Anaingia. Samaki akinasa anaweza kukaa hadi asubuhi akiwa hai, lakini nguva ana mapafu kama wewe. Kwa kawaida hukaa chini dakika mbili tatu tu kabla ya kuja juu kuvuta hewa. Akinasa anapapatika, na kupapatika kunamaliza hewa haraka zaidi. Mvuvi akifika alfajiri anakuta mzoga. Hakuna aliyekusudia. Ndiyo maana sipendi mikutano ambapo wavuvi wanaitwa wauaji. Ukimwita mtu muuaji leo, kesho akinasa nguva atamzika mchangani usiku na hutajua kamwe.

Jarife hilohilo ndilo lililotuletea silikanti. Miaka ya 2004 hadi 2006 wavuvi wa huku walipandisha samaki hao wa kale kutoka kwenye kina kirefu mpaka wataalamu wa dunia wakashika njia ya Tanga, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Nyavu haichagui. Inayoshuka kwenye kina inaleta silikanti, inayokaa kwenye nyasi inaleta kasa na nguva.

Huenda ukasema, mmoja akifa watazaliwa wengine. Hapa ndipo hesabu inapouma. Jike la nguva likiwahi sana huzaa mara ya kwanza likiwa na miaka sita, na lingine hungoja hadi 17. Mimba ni miezi 13 hadi 15. Anazaa mmoja tu, anamnyonyesha mwaka na zaidi, na kati ya uzazi mmoja na mwingine hupita miaka mitatu hadi saba. Kundi la nguva 100, chakula kikiwa tele na hakuna anayeuawa, litaongezeka watano hivi kwa mwaka, na huo ndio mwisho wa uwezo wao. Jarife moja likiua majike wawili au watatu kwa mwaka, kundi hilo limeanza kupungua, ingawa ukipita na ngalawa utaona bado wapo na utasema mambo ni shwari. Anaweza kuishi miaka 70, kwa hiyo unaweza kuona wazee wakiogelea katika bahari isiyo na watoto.

Nyasi nazo zina maadui. Juya la kokoro linaburuzwa juu yake na kuzing'oa pamoja na vifaranga vya tasi na changu waliojificha humo. Baruti, ambayo Tanga tulijulikana kwayo vibaya kwa miaka mingi, inaua kila kilicho karibu. Udongo unaoshuka na mto Pangani mvua zikizidi unafunika. Wapo hata wakulima wa mwani wanaong'oa nyasi kwanza ndipo wapige vigingi. Nimewaambia akina mama kwamba mwani hauhitaji uwanja uliofagiliwa, na mabishano yanaendelea.

Na boti zinakuja. Zamani ilikuwa tanga na kafi, na ngalawa haijawahi kumvunja nguva mbavu. Leo fiber zenye mashine zinapita kati ya Tanga, Yambe, Karange na Pangani, na maji yakijaa nahodha anakata njia juu ya nyasi ili aokoe mafuta. Ombi langu kwa manahodha ni dogo: mkiwa kwenye maji ya pima mbili au chini ya hapo na mnaona nyasi chini, punguzeni mpaka boti ikae sawa juu ya maji, isiwe imeinua pua. Nguva akishtuka kwenye maji mafupi hukimbilia penye kina, na mara nyingi anakata mbele yako kufika huko.

Sasa la nyavu. Ukimkuta amenasa na bado anapumua, zima mashine. Shika kamba ya juu, ile ya maboya, uivute mpaka tundu za pua zitoke nje ya maji, na mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu: pua isizame. Usimvute kwa mkia wala usiufunge kamba, maana ukiinua mkia umezamisha kichwa. Usijaribu kumpandisha chomboni. Pigo moja la mkia linaweza kukuvunja mguu. Kata nyavu kuanzia kichwani na kwenye mapezi ya mbele. Najua jarife ni fedha na najua anayekata si mimi, lakini matundu machache yanashoneka kwa mchana mmoja. Hakikisha hajaondoka na kipande mwilini. Ukiona mtoto anazunguka karibu usimfukuze, atamngoja mama yake. Sheria inakataza kumvua au kumuuza nguva, lakini hilo lisikuzuie kutoa taarifa kwa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi wa pwani yao), ofisi ya uvuvi ya wilaya au askari wa hifadhi. Hata akiwa ameshakufa, tuambieni. Mzoga unatufundisha umri wake, alikula wapi, alikuwa na mimba au la.

Lipo jambo jingine ambalo hata asiyevua anaweza kutusaidia, hasa akina mama wanaokwenda kuokota chaza siku za bamvua. Nguva akila hang'ati majani juu juu, anang'oa na mizizi, na nyuma yake anaacha kijia cha mchanga mtupu kinachopinda katikati ya nyasi, upana kama kiganja kimoja au viwili. Nanga huacha shimo, na kokoro hufagia eneo pana. Kijia cha nguva ni chembamba na kinakwenda kinazunguka. Ukikiona, weka kandambili pembeni ili tupate kipimo, piga picha, kumbuka mahali na siku, kisha umpelekee mtu wa BMU kabla maji hayajarudi kukifuta.