Umaarufu wa Wikipedia si ule wa mtaani

Huja mtu maktabani na bahasha. Ndani mna picha, vyeti, ratiba ya mazishi, pengine kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Anataka baba yake, mwalimu wake au yeye mwenyewe "awekwe Wikipedia". Sisi wa dawati la marejeo humkaribisha kiti, tukamsikiliza, kisha tukamwuliza swali ambalo mara nyingi humuudhi: ni nani ameandika habari zake bila kuombwa wala kulipwa?

Wikipedia ilianza Januari 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003. Haipimi wema wa mtu, cheo, mali wala wingi wa wafuasi Instagram. Inapima maandishi. Anayestahili makala ni yule aliyeelezwa kwa kina na vyanzo vya kuaminika ambavyo si vyake wala vya watu wake. Wahariri wa Kiswahili huliita jambo hili umaarufu, na nadhani neno hilo ndilo linalowapoteza wengi, maana mtaani maarufu ni anayejulikana na kila mtu. Kinyozi wa stendi anajulikana mji mzima na hana makala. Mtaalamu wa wadudu ambaye hata jirani yake hamjui anaweza kuwa nayo.

Mtazame John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Tanzania. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, alianguka, akaumia goti, akaingia uwanjani akichechemea wakati watazamaji wengi wamekwisha ondoka. Kati ya waliomaliza, yeye ndiye aliyeshika mkia. Kwa hesabu ya medali hana kitu siku ile. Lakini waandishi wa nchi mbalimbali wameisimulia mbio hiyo miaka nenda rudi, na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam. Makala yake haina wa kuibishia.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, anatufunza jambo jingine. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Santuri zile ni kazi yake, ila hazisimulii maisha yake. Waliomsimulia ni wengine, Shaaban Robert akiwa mmojawapo, katika Wasifu wa Siti binti Saad. Hapa ndipo wengi hukwama: kazi ya mtu ni kitu kimoja, maandishi juu ya mtu ni kitu kingine. Aliyechapisha vitabu kumi ambavyo hakuna mhakiki aliyevigusa bado hana hoja. Wala umaarufu haurithiwi. Mtoto wa waziri ni mtoto wa waziri tu, mpaka naye aandikwe kwa lake.

Basi bahasha tunaimwaga mezani na kuichambua. Tovuti ya kampuni yake, kando. Tanzia iliyolipiwa na familia, kando. Mahojiano yanasaidia kidogo, kwa kuwa mengi yaliyomo ni maneno yake mwenyewe. Tuzo ambayo mshindi hulipia ada ya kuipokea, kando kabisa. Na kuna zile "habari" zilizozaliwa na bahasha nyingine, ya kaki. Hizo tunazijua sote. Hakuna idadi maalumu ya vyanzo iliyowekwa, ila ikibaki taarifa ya mistari miwili, hapo hakuna makala.

Wanaopima nao ni binadamu. Mei 2018 rasimu ya makala ya Kiingereza kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa madai kwamba vyanzo vyake havikutosha. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mmoja wa washindi wa Nobel ya Fizikia. Tayari alikuwa amewahi kuongoza chama kikubwa cha wanasayansi wa nuru, na kwa mwongozo wa Wikipedia kuhusu wasomi nafasi hiyo ingetosha. Mhakiki alaumiwe, sawa. Lakini magazeti yalikuwa wapi miaka yote ile? Ensaiklopidia haitangulii kuandika, hufuata nyuma ya walioandika. Kwetu pengo hilo ni pana zaidi: manju, mkunga na fundi wa majahazi wanajulikana kwa midomo ya watu, na midomo haiwekwi kwenye tanbihi.

Hata hivyo wengi hukata tamaa mapema kwa kudhani chanzo lazima kiwe mtandaoni, tena kwa Kiingereza. Si kweli. Gazeti la Uhuru au Taifa Leo la miaka ya sabini ni chanzo halali, mradi utaje tarehe, ukurasa na kichwa cha habari.

Mwaka jana alikuja kijana ambaye babu yake alipiga gitaa katika bendi ya dansi. Tulifunua majalada ya magazeti siku tatu. Tukapata matangazo ya madansi, na jina la babu mara moja, limekosewa herufi. Makala haikuandikwa; nilimshauri amtaje ndani ya makala ya bendi, ambayo vyanzo vyake vipo. Alinuna. Wiki iliyofuata alirudi na daftari, akaomba jalada la mwaka uliofuata.