Majani ndani ya Tundu la Ndege: Dhana Potofu na Ukweli kwa Wafugaji wa Moshi na Arusha

Anayefuga ndege mjini Moshi hana shida ya majani. Akitoka uani anakuta migomba, mibuni, miparachichi na uzio wa lantana, na akishuka sokoni anakuta maua ya plastiki na ya kitambaa yamening'inizwa kwa rangi zote. Kwa hiyo tundu likionekana tupu, wazo la kwanza ni kulipamba, na wazo hilo ni jema, kwa sababu ndege aliyefungiwa mahali pasipo na kitu cha kutafuna wala cha kujificha nyuma yake huchoka, hupiga kelele kutwa, na wakati mwingine hujinyonyoa manyoya. Kinachonisumbua ni kwamba mengi tunayoambiana juu ya mimea hiyo, bandia na hai, tumeyapokea bila kuyachunguza, na anayeumia ni kiumbe asiyeweza kusema kinamuuma nini.

Dhana: Mmea bandia ni salama kwa sababu hauna sumu

Dhana hii niliiamini mimi mwenyewe. Nilinunua utepe mrefu wa majani ya kitambaa nikauzungusha kwenye nondo za tundu la cherero wangu wawili, wale ndege wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa ambao wengi mjini huwaita lavubedi. Tundu likapendeza, wageni wakasifu. Asubuhi moja, baada ya wiki tatu hivi, nilimkuta jike ananing'inia kwa mguu mmoja karibu na kijiti cha juu, akipiga mabawa bila nguvu. Nilimfunga kwenye taulo, nikamsogeza chini ya taa, ndipo nikauona uzi mmoja mwembamba kama unywele, umejizungusha mara nne au tano kwenye kidole cha nyuma, nacho kidole kimevimba hadi kuwa cha zambarau. Mwanangu alimshikilia, mimi nikaukata uzi kipande kwa kipande kwa mkasi wa kucha. Kidole kilipona, ukucha ukadondoka. Daktari wa mifugo aliyemwona mchana huo alisema kwamba siku moja zaidi ingetosha kukikausha kidole kizima.

Ukweli ni kwamba sumu ni hatari moja tu kati ya nyingi. Majani ya kitambaa huchanika na kuacha nyuzi, na nyuzi hunasa vidole, shingo na hata ulimi. Zikimezwa, hujikusanya katika kifuko cha chakula kilicho shingoni na kukiziba. Mabua mengi ya maua ya dukani yana waya ndani yake. Kasuku au cherero, ambaye mdomo wake umeumbwa kwa kupasua, huivua plastiki ya juu kwa muda mfupi na kuanza kuutafuna waya, ambao mara nyingi umepakwa zinki. Zinki na madini ya risasi zikiingia mwilini mwa ndege humletea ulegevu, kutapika, kinyesi cha majimaji na hata degedege, na mwenye ndege hubaki akidhani ni baridi ya mwezi wa saba. Hata bila waya, rangi inayobaki vidoleni ukilifikicha jani kwa kitambaa chenye maji ya moto ni rangi itakayoingia tumboni.

Simaanishi kwamba kila jani bandia litupwe. Jani la plastiki lililomiminwa kwa kipande kimoja, lisilo na waya, uzi wala gundi, linaweza kumfaa chiriku na ndege wengine wadogo wala mbegu ambao hawana tabia ya kutafuna vitu vigumu, mradi lioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila wiki, kwa kuwa kinyesi hukauka juu yake na kugeuka vumbi. Vumbi hilo linaweza kubeba vijidudu vya homa ya kasuku, ugonjwa unaoambukiza hata watu. Wanaosema mmea bandia hauhitaji matunzo wanasahau hapo. Kwa kasuku na cherero, mimi siweki jani bandia la aina yoyote.

Dhana: Kinacholiwa na mtu, au kinachoota shambani kwetu, hakimdhuru ndege

Hapa ningependa kila mfugaji wa Kilimanjaro na Meru asome polepole, kwa sababu mti unaotuzunguka kuliko karibu miti yote ya matunda ndio ulio hatari zaidi kwa ndege. Parachichi lina kemikali iitwayo pasini, nayo imo katika majani, magome, kokwa, ganda na hata nyama ya tunda. Kwetu sisi haina neno. Kwa ndege hushambulia misuli ya moyo, na maji hujaa kuzunguka moyo na mapafu. Ndege aliyekula hujikunyata, hutanua manyoya, hushuka kwenye sakafu ya tundu na kuhema kwa mdomo wazi. Dalili huanza ndani ya siku moja, na kifo kinaweza kufuata katika siku moja au mbili. Wapo wanaokata tawi la mparachichi kwa sababu tu limenyooka na linafaa kwa kijiti cha kutulia. Tawi hilo lisiingie tunduni hata likiwa limekauka.

Mbuni nao una kisa chake. Katika nchi nyingine vijiti vya ndege vya mti wa kahawa huuzwa madukani, na ni kweli kwamba ni vigumu na vinadumu. Wengine wamelisikia hilo wakaenda kukata tawi bichi kihambani, yaani shamba la nyumbani. Lakini vijiti vile hutengenezwa kwa mashina ya mibuni iliyokoma kuzaa, yakamenywa magome, yakasafishwa na kukaushwa. Tawi bichi lina majani na matunda yenye kafeini, ambayo huupeleka mbio moyo wa ndege hadi kumuua, na mara nyingi lina pia dawa za shaba, mrututu na jamaa zake, ambazo wakulima wamezipuliza kwa miaka mingi kuzuia magonjwa ya kahawa ya chulebuni na kutu ya majani.

Mimea ya uzio na ya mapambo niitaje kwa ufupi: oleanda, ambayo huvuruga mapigo ya moyo kwa kiasi kidogo tu, lantana, ambayo wafugaji wa ng'ombe wanajua inavyoharibu ini, mnyaa, wenye utomvu mweupe unaochoma macho, na difenbakia, lile ua la majani mapana yenye madoa linalopendwa sebuleni, ambalo lina chembe kama sindano zinazochoma mdomo na koo. Orodha za mimea salama kwa mbwa au paka zisitumike kwa ndege. Mbwa anaweza kuonja parachichi bila kudhurika sana, ndege hawezi.

Dhana: Ndege hujua mwenyewe kipi ni sumu

Ndege wa porini hujifunza kwa wazazi na kwa kundi lake, tena ana msitu mzima wa kuchagua. Aliyezaliwa ndani ya tundu hakufundishwa na yeyote, na jani pekee lililo mbele yake atalitafuna kwa sababu tu lipo. Silika haimtoshi, na asitwishwe kazi ambayo ni yetu.

Dhana: Ukiuosha mmea, dawa zote zimetoka

Arusha ni mji wa maua. Mashamba ya Usa River na Tengeru hulima kwa ajili ya soko la nje, na vitalu vya miche viko kando ya barabara kila upande. Nilipouliza katika kitalu kimoja kama ua nililolishika lilipulizwa dawa, kijana alinijibu kwa moyo mweupe: "Dada, ukiliosha tu limekwisha." Hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, zipo dawa zinazobaki juu ya jani, ambazo maji hupunguza, na zipo zinazopenya ndani ya mmea, zikasafiri kwa utomvu hadi kwenye kila jani na chipukizi, na hizo hazioshwi kwa maji wala kwa siki. Waridi lenyewe halina sumu kwa ndege, lakini waridi la shamba la biashara ni jambo jingine.

Ninavyofanya ni kuhamishia mche kwenye udongo mpya usio na mbolea ya chumvichumvi, kuuweka barazani miezi kadhaa, kukata majani ya zamani, na kuwapa ndege majani yaliyoota nyumbani tu. Na kama hujui jina la mmea, usikisie. Hifadhi ya Taifa ya Mimea iliyokaushwa iko Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, huko Ngaramtoni, na kazi yake ni pamoja na kutambua mimea.

Dhana: Mmea huiba hewa ya ndege usiku, au huisafisha mchana

Zote mbili si kweli. Usiku mmea huvuta oksijeni kidogo sana, pungufu ya anayovuta ndege mwenyewe. Kuhusu kusafisha hewa, habari hiyo ilianzia kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989, uliofanywa katika vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba, katika jengo la kawaida, ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili ifanye kazi sawa na hewa inayopita madirishani. Basi mwenye kuingiza jiko la mkaa ndani mwezi Juni na Julai asitegemee ua lililo pembeni ya tundu. Mapafu ya ndege hunasa gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa kabla ya mtu kuihisi, na ndiyo sababu migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ilitumia ndege wa jamii ya chiriku kama kengele ya hatari hadi mwaka 1986.

Dhana: Hatari iko kwenye majani, si kwenye chungu

Wakati wa masika udongo wa chungu haukauki, na juu yake huota ukungu. Mbegu za ukungu huo zikivutwa huweza kuota ndani ya mapafu na vifuko vya hewa vya ndege, na kutibu ugonjwa huo huchukua muda mrefu. Funika udongo kwa mawe makubwa asiyoweza kuyameza, au, bora zaidi, acha chungu nje ya tundu na ingiza tawi tu.

Dhana: Majani mengi humtuliza jike

Mara nyingine humchochea. Cherero jike huchana magome na majani kuwa nyuzi za kujengea kiota. Cherero wetu wa Serengeti huzibeba mdomoni, ilhali jamaa zao wa kusini mwa Afrika huzichomeka katikati ya manyoya ya kiunoni. Ukimwekea kona yenye giza iliyosongwa na majani, atataga mfululizo, madini ya mifupa yake yataisha, na yai linaweza kumkwama. (Nazungumzia waliozaliwa tunduni, kumkamata wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.)

Leo tundu langu lina tawi la mpera lenye magome yake, kipande cha mkaratusi, shada la rehani lililofungwa kwa ukindu, na suke la uwele. Kila Jumamosi navitoa vyote na kuweka vipya. Jike, yule asiye na ukucha mmoja, huanza na magome ya mpera, na kufikia Jumatano tawi huwa jeupe kabisa.