Amri iliyochelewa njiani

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, simu yangu haikupumzika. "Fundi, taa za nje haziwaki." Taa nzima, swichi nzima, Wi-Fi ya nyumbani ipo. Ila amri ya simu ya kuwasha balbu iliyo hatua tatu kutoka kwenye kochi ilikuwa lazima ivuke bahari hadi kwenye seva, kompyuta ya mbali inayopokea amri, kisha irudi.

Mimi kukatika hakunitishi sana. Naogopa zile dakika za mawasiliano yakirudi.

Mteja wangu mmoja wa Mbezi alitaka kupandisha maji. Intaneti ya nyumbani haikuwepo, lakini bando la simu lilikuwepo. Akabonyeza "washa" kwenye simu, kimya; akabonyeza tena na tena. Kumbe seva ilizipokea amri zote, ikakosa wa kumkabidhi, ikazipanga foleni. Akawasha pampu kwa swichi ya ukutani, tangi likajaa, akazima. Usiku wa manane intaneti ikarudi, na amri za mchana zikafika. Pampu ikanguruma hadi alfajiri, maji yakimwagika uani. Kifaa kilitii kabisa. Walikosea waliokifunga, nami nikiwemo.

Siku hizi amri ya pampu naipa sekunde 30 za kuishi. Toleo la 5 la MQTT (lugha ambayo vifaa huzungumza na seva), la mwaka 2019, linaruhusu ujumbe kuwekewa ukomo. Amri haihifadhiwi kwenye seva. Kinachohifadhiwa ni taarifa ya hali tu. Kifaa kikirudi hewani, kwanza kiseme kimewaka au kimezima, ndipo kipokee amri. Tena MQTT ina kitu nikipendacho kiitwacho wosia: kifaa huacha ujumbe kwa seva, utangazwe kikipotea ghafla. Ila kama kimeahidi kujitokeza kila sekunde 60, seva husubiri hadi sekunde 90 ndipo ikate tamaa. Muda huo wote simu yako inakuonyesha kipo.

Halafu kuna saa. Swichi nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa. Umeme na intaneti vikikatika pamoja, umeme ukatangulia kurudi, swichi inaamka haijui ni saa ngapi, na ratiba ya taa za uzio inalala. Mimi naziacha zichukue saa kwenye kompyuta ndogo ya humo humo nyumbani inayoendesha Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, na yenye saa ya betri. Na umeme ukirudi, pampu lazima ianze ikiwa imezimwa. Taa za uzio ziendelee zilipoishia.

Yule wa Mbezi nilimfungia kwanza boya la umeme tangini, linalokata umeme maji yakijaa, kwenye waya wa kontakta (swichi kubwa) ya pampu. Programu nilizigusa wiki iliyofuata.