Je, wajua kwa nini mshindani wa duathloni ya theluji huanza mbio akitetemeka?

Nyuzi 10 chini ya sifuri. Watazamaji wamejifunika makoti hadi masikioni, lakini waliosimama kwenye mstari wa kuanzia wamevaa nguo nyembamba za kubana, wanarukaruka, meno yanagongana. Aliyekulia Tanga au Mombasa angedhani hawa watu wamesahau makoti yao. Hawakusahau. Wameyavua dakika chache zilizopita kwa makusudi, na sababu yake ni jasho.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Duathloni ya theluji ni ndugu wa triathloni ya theluji, ambayo mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Jaca, Hispania, mwaka 1997. Kwenye triathloni hiyo mtu hukimbia, huendesha baiskeli ya milimani, kisha huteleza kwa skii, yaani vibao virefu vinavyofungwa kwenye viatu. Duathloni imeiacha baiskeli, imebaki na kukimbia na skii. (Kuna nchi ambako jina hilohilo hutumika kwa mbio za miguu na baiskeli wakati wa baridi, lakini hapa nazungumzia ile ya skii.) Na skii zake si zile za kuporomokea mlimani ambazo wengi tumeziona kwenye televisheni. Hizi ni nyembamba na nyepesi, kisigino cha kiatu hakifungwi, na mtu hujisukuma mwenyewe kwa miguu na fimbo mbili, iwe tambarare au kwenye mwinuko.

Sasa turudi kwenye jasho. Msuli ukifanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu unayochoma ndiyo inayokusogeza mbele. Ni kama umetia kuni nne motoni: moja inakupeleka, tatu zinabaki kuwa joto. Ndiyo maana dakika kumi za kukimbia kwa kasi zinatosha kumgeuza aliyekuwa akitetemeka kuwa tanuri. Aliyeanza akiwa na raha ndani ya koti zito ndiye anayelowa chapachapa.

Na kulowa ndiko hatari ilipo. Sote tunaujua mtungi wa udongo: maji yanapenya taratibu hadi nje, yanakauka kwa hewa, na yanapokauka yanachukua joto la maji yaliyomo ndani. Jasho kwenye ngozi hufanya kazi hiyohiyo, na Dar es Salaam mwezi wa Februari tunalishukuru. Kwenye theluji mtungi huo ni wewe. Tena maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo fulana iliyoloa na kugandamana na mgongo inakunyonya joto hata kama hakuna upepo.

Skii ndiyo inayoongeza ugumu. Ukipanda mwinuko, mikono, mgongo, tumbo na miguu vyote vinafanya kazi, na jasho linatoka kuliko hata ulipokuwa unakimbia. Ukifika juu, unainama, unabana fimbo kwapani na kuteremka bila kufanya kazi yoyote. Mteremko mzuri humfikisha mtu kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo, baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri huikamata ngozi kana kwamba ni nyuzi 22 chini ya sifuri. Tanuri limezimwa, nguo zimeloa, na upepo unakupiga kifuani. Ndiyo sababu nguo nyingi za mchezo huu zina kitambaa cha kuzuia upepo kwa mbele tu, huku mgongoni zikiachwa nyepesi ili mvuke upate pa kutokea. Fulana ya pamba haifai kabisa, maana ikishanywa jasho haikauki. Sufu laini au kitambaa cha viwandani kisichonywa maji ndivyo vinavyotegemewa.

Ukitaka kuona baridi inavyoharibu mbio, simama kwenye eneo la kubadilishia vifaa. Mtu anaingia akihema, anavua viatu vya kukimbia, anavaa vya skii. Mwili ukihisi baridi hupunguza damu inayokwenda mikononi ili kulinda moyo na viungo vya ndani, kwa hiyo vidole vimekufa ganzi. Anavuta zipu mara tatu, haishiki. Anakanyaga skii, kiatu hakinasi, kwa sababu donge la barafu limejibana chini ya ncha ya soli. Analikwangua kwa ncha ya fimbo, huku waliokuwa nyuma yake wanampita. Mapafu hayakuumwa, miguu haikuchoka. Ameangushwa na vidole.

Jambo moja napenda wanaoanza walielewe: msiige mavazi ya mabingwa. Bingwa huvaa kidogo kwa sababu anachoma kuni nyingi na kumaliza mapema. Anayeanza huteleza polepole, husimama, huanguka, na hukaa barabarani muda mrefu zaidi. Anahitaji nguo ya ziada, na glavu kavu zikimsubiri penye kubadilishia.

Mkenya Philip Boit aliujua urefu wa muda huo. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akaenda Finland kujifunza skii, na mwaka 1998 akashiriki mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Pumzi alikuwa nayo. Ufundi wa kuteleza haupatikani kwa misimu miwili. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika wa mwisho, dakika 20 baadaye, akamkuta Dæhlie bado yupo kwenye mstari wa kumalizia, wakakumbatiana. Kwa mtu aliyetoka kuchoma kuni zake zote na kulowa jasho, dakika 20 za kusimama kwenye theluji si kitu kidogo. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.