Virusi Kupanda Si Sawa na Usugu: Kipimo cha Usugu wa ARV Hufanyika Lini, na kwa Nini Sampuli Hukataliwa

Tangu TLD, kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir, ianze kutumika nchini Tanzania mwaka 2019 kama dawa ya mstari wa kwanza, yaani ya kuanzia tiba, neno "usugu" limetoka maabara na kuhamia kwenye mabenchi ya CTC, kliniki za tiba na matunzo ya VVU. Mteja akipewa majibu ya wingi wa virusi yaliyo juu, anaomba abadilishiwe dawa siku hiyohiyo. Wengine wanalalamika kwamba wamenyimwa kipimo cha usugu. Malalamiko hayo yanastahili jibu kamili, kwa sababu kipimo hiki kikifanywa kabla ya wakati wake kinampotezea mgonjwa damu na miezi ya kusubiri.

Kwanza, kinachokuwa sugu ni virusi, si mwili. Kauli ya "mwili wangu umezoea dawa" inarudiwa kila wiki, hata na watu waliosoma, na si sahihi. Kwa mtu asiyetibiwa, VVU huzaliana kwa mabilioni kila siku, na kimeng'enya kinachonakili vinasaba vyake hakina uwezo wa kusahihisha makosa yake. Dawa ikiwa ya kutosha kwenye damu, virusi havizaliani, na makosa hayo hayapati nafasi. Dawa ikiwa nusunusu, virusi vinaendelea kuzaliana mbele yake, na siku moja hutokea nakala yenye kosa linaloifaa: dawa haiishiki tena. Kwa hiyo anayemeza leo na kuacha kesho, au anayegawana chupa na mwenza wake ili "zifike mwisho wa mwezi", anavipa virusi mazingira hasa ya kujifunza.

Pili, majibu ya juu peke yake hayathibitishi usugu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 ulionesha kwamba asilimia 94.3 ya watu wazima wanaotumia ARV walikuwa wamefubaza virusi, yaani vimebaki vichache sana kwenye damu. Kwa wachache waliobaki, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 inasaidia kuelewa: katika tafiti za nchi kadhaa, usugu dhidi ya dolutegravir kwa watu wenye virusi vingi wakiwa kwenye dawa hiyo ulikuwa kati ya asilimia 3.9 na 8.6, na ulifika 19.6 kwa waliohamishiwa dolutegravir wakiwa tayari na virusi vingi. Yaani hata katika kundi lililo hatarini zaidi, wanne kati ya watano hawakuwa na usugu huo. Kwa wengi wao, tatizo ni kwamba dawa haikuwa inafika vya kutosha kwenye damu.

Si kila mara ni uzembe wa mgonjwa, na watoa huduma tuwe waangalifu hapa. Vidonge vya kutuliza kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu huishika dolutegravir tumboni isifyonzwe. TLD imezwe angalau saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mjamzito hupewa kliniki, na vile vya kalsiamu, vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo amekula. Akiwa hajala, kanuni ni ileile ya saa 2 na saa 6. Anayetibiwa TB kwa rifampisini huhitaji kidonge cha ziada cha dolutegravir cha miligramu 50, saa 12 baada ya TLD, na anaendelea nacho wiki 2 baada ya rifampisini kwisha. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini nazo hushusha kiwango chake. Kwa watoto, kosa la kawaida ni dozi kubaki ileile huku uzito ukipanda: mwenye kilo 6 hadi 9.9 humeza kidonge kimoja na nusu cha dolutegravir ya miligramu 10, akifika kilo 10 ni vidonge 2, akifika kilo 14 ni viwili na nusu. Mtoto apimwe uzito kila hudhurio, si kuulizwa mama.

Hapo ndipo utaratibu unapoanza. Majibu yakiwa nakala 1,000 au zaidi kwa mililita, mteja huitwa mapema na kupewa ushauri wa ufuasi, yaani kumeza dawa kila siku bila kukosa, kwa kawaida vikao 3 vya mwezi mmoja mmoja. Vidonge huhesabiwa. Chupa ya vidonge 90 iliyofunguliwa siku 60 zilizopita inapaswa kubaki na 30. Ikibaki na 52, vidonge 22 havikumezwa, na hesabu hiyo ianzishe mazungumzo, isiwe fimbo. Baada ya miezi 3 ya ufuasi mzuri, wingi wa virusi hupimwa tena. Wengi hushuka. Asiyeshuka, akiwa kwenye dolutegravir au kwenye dawa za mstari wa pili (zinazotolewa za kwanza zikishindwa) kama atazanavir, ndiye anayeombewa kipimo cha usugu. Chini ya nakala 1,000 kipimo mara nyingi hushindwa, kwa kuwa vinasaba vya virusi ni vichache mno kuzalishwa maabara.

Sasa jambo ambalo tungependa lisomwe mara mbili. Usiache dawa kwa sababu unasubiri kipimo au majibu yake. Wapo wanaoacha wakiamini kwamba "hazifanyi kazi, za nini?" Virusi sugu mara nyingi ni dhaifu kuliko virusi vya asili. Dawa ikiondoka, virusi vya asili hurudi na kuvifunika ndani ya wiki chache, huku vile sugu vikijificha kwenye seli. Kipimo cha kawaida huona aina ya virusi inayofikia takriban asilimia 20 ya vilivyomo kwenye sampuli. Chini ya hapo hakioni. Ripoti itasema hakuna usugu, nao upo. Damu itolewe mtu akiwa bado anameza dawa, au, ikishindikana, kabla ya wiki 4 kupita tangu aache.

Sampuli ni damu kwenye tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), ile ya kizibo cha zambarau. Igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, isitikiswe. Plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, itenganishwe ndani ya saa 24, na penye mashine ya kuzungusha damu hakuna sababu ya kusubiri hata saa 6. Damu nzima isigandishwe kamwe: chembe nyekundu hupasuka na kuharibu kipimo. Plazma ihifadhiwe kwenye nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Friza ya kawaida, inayoyeyuka kila umeme ukikatika, huvunja vinasaba vya virusi kidogo kidogo bila mtu kuona kwa macho. Pasipo na uwezo huo hutumika damu iliyokaushwa kwenye karatasi, DBS. Duara zote 5 zijazwe, tone lisirundikwe juu ya tone, karatasi ianikwe mahali penye kivuli kwa angalau saa 4, na usiku mzima ni bora zaidi, kisha ifungwe pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu na kadi ya kuonesha unyevu. Karatasi iliyofungwa ikiwa mbichi huota ukungu njiani.

Fomu ni nusu ya sampuli. Namba ya CTC ina tarakimu 14, na iliyo kwenye fomu ilingane na iliyo kwenye tyubu. Ikipishana kwa tarakimu moja, sampuli inarudi, kwa sababu hatuwezi kukisia damu ni ya nani. Historia ya dawa iandikwe yote, na tarehe. Kwa mgonjwa aliyeanza tiba mwaka 2008, neno "TLD" peke yake halitoshi: tunahitaji kujua kama alipita kwenye nevirapini, zidovudini, efavirenzi, na kama aliwahi kukatiza.

Maabara huzalisha kipande cha vinasaba vya virusi kinachobeba shabaha za dawa, husoma herufi zake, kisha hulinganisha na virusi visivyo na usugu. Ndiyo maana majibu hayatoki siku hiyohiyo: ni hatua za siku kadhaa, na sampuli hukusanywa ziendeshwe pamoja. Mabadiliko huandikwa kama M184V, maana yake katika nafasi ya 184 ya protini ya virusi kijenzi kiitwacho metionini kimebadilishwa na kingine, valini, na hapo lamivudini imepoteza nguvu kubwa. K65R hugusa tenofovir, K103N hugusa efavirenzi na nevirapini, R263K na G118R hugusa dolutegravir. Kwa mfumo wa Chuo Kikuu cha Stanford, kila dawa hupewa alama: chini ya 10 virusi vinaitii dawa, 15 hadi 29 usugu ni mdogo, 30 hadi 59 wa kati, 60 na kuendelea ni mkubwa.

Lakini alama si amri. Jaribio la NADIA, lililofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe kwa wagonjwa 464 ambao tiba ya mwanzo ilikuwa imeshindwa, lilionesha kwamba dolutegravir pamoja na tenofovir na lamivudini hufubaza virusi vizuri hata pale M184V na K65R zilipokuwepo. Kwa hiyo ripoti yenye usugu inaweza kuishia na uamuzi wa kubaki kwenye TLD, na hiyo si dharau kwa mgonjwa. Uamuzi hufanywa na jopo la wataalamu linalosoma ripoti, historia na ufuasi kwa pamoja, na mteja ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa.

Majibu ni siri ya mgonjwa chini ya Sheria Na. 28 ya 2008 ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI. Kuyatoa kwa mwajiri, au kwa ndugu bila ridhaa, ni kosa. Nakala ya ripoti ikae kwenye faili lake na ahame nayo akibadilisha kituo, hata ikiwa na miaka mingi, kwa sababu usugu ulioonekana wakati ule unaweza usionekane kwenye kipimo kipya, nao bado umejificha kwenye seli.