Kwa nini Waarmenia waliokimbia mauaji walipitia Japani?

Ukitazama ramani utashangaa. Mtu anayetoka Anatolia, sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, kwenda Marekani alitakiwa aelekee magharibi, avuke Mediterania na kisha Atlantiki. Lakini mwaka 1915, dola ya Osmani, iliyotawala Anatolia, ilipoanza kuwaua Waarmenia na kuwaswaga jangwani, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeifunga njia hiyo. Wengi walionusurika walikimbilia Kaukasi, eneo lililokuwa chini ya Urusi. Huko nako mapinduzi yakazuka mwaka 1917, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata. Upenyo mmoja uliobaki ulikuwa reli ya Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Moscow hadi bandari ya Vladivostok. Hapo mtu alipanda meli ya kwenda Japani, kisha nyingine ya kuvuka Pasifiki, awafuate ndugu waliotangulia Marekani.

Yokohama, mji wa bandari wa Japani, ndiko alikokuwa akiishi Mwarmenia Diana Apcar. Alizaliwa Rangoon, Burma, mwaka 1859, akakulia Calcutta katika jamii ya wafanyabiashara wa Kiarmenia, akahamia Japani na mumewe mwaka 1891. Mume alifariki mwaka 1906, naye akashika biashara ya familia huku akilea watoto. Baada ya Waarmenia maelfu kuuawa Adana, katika dola ya Osmani, mwaka 1909, alianza kuandika vitabu na makala akiyasihi mataifa makubwa yawalinde watu wake. Inauma kukumbuka kwamba alionya miaka kadhaa kabla ya 1915.

Wakimbizi walipoanza kufika, njaa haikuwa shida yao pekee. Hawakuwa na karatasi za maana. Aliyeshika hati ya Osmani alibeba jina la dola iliyotaka kumwangamiza. Aliyeshika ya Urusi ya mfalme, serikali iliyompa haikuwapo tena. Bila mtu wa kukudhamini, unabaki bandarini. Apcar akawa mdhamini wao. Aliwaombea kibali kwa maofisa wa Japani, akawakodia nyumba, akawatafutia nafasi melini, akaandikiana na jamaa zao ng'ambo. Chakula na blanketi vinastahili sifa, lakini kwangu mimi msaada wake mkubwa ulikuwa huo wa kukubali kusema, "Hawa nawajua, niulizeni mimi," tena kwa watu ambao hakuwahi kuwaona kabla.

Mwaka 1920 Jamhuri ya Armenia, iliyoundwa mwaka 1918, ikamteua kuwa konseli wake wa heshima nchini Japani. Hatajwi bure miongoni mwa wanawake wa kwanza wa karne ya 20 kupewa kazi ya kidiplomasia. Desemba mwaka huohuo Wabolsheviki, wakomunisti walioshika utawala Urusi, wakaitwaa Armenia, jamhuri ikaanguka, na cheo kikaondoka nayo. Wakimbizi hakuwaacha. Alifia Yokohama mwaka 1937.